Mastiki ya mti, mastiki ya ndoo: ya kujua kabla ya kubandika kigae

Kwanza tenganisha majina. Mastiki ya asili ni utomvu wa mti uitwao Pistacia lentiscus, unaovunwa kusini mwa kisiwa cha Chios, Ugiriki. Wakulima husafisha ardhi chini ya mti, huinyunyizia unga mweupe wa mawe ya chokaa ili matone yasichafuke, kisha huchanja gome wakati wa kiangazi. Utomvu huchuruzika na kuganda. Huokotwa baada ya wiki mbili au tatu. Ukitafuna tone lake, mwanzo linavunjikavunjika kama kioo, halafu linakuwa chingamu. Ukilitwanga, tia chembe za sukari au chumvi, la sivyo linang'ang'ania kinu.

Mastiki ya ndoo, ile gundi ya kubandikia vigae, haina hata tone la utomvu huo. Mara nyingi ni rojo la akriliki, unga wa mawe na maji, lililochanganywa kiwandani. Hata hivyo zinafanana kwa jambo moja ambalo fundi mgeni hulisahau: zote hukauka kwa kupoteza kitu hewani. Utomvu hupoteza mafuta yake mepesi, rojo hupoteza maji. Saruji ni tofauti. Yenyewe huyatumia maji kugandia, ndiyo maana hukomaa hata ikifungiwa.

Kwa hiyo kabla ya kufungua ndoo, jiulize maji ya rojo yatapata wapi njia ya kutoka. Geuza kigae, dondoshea mgongo wake tone la maji. Likinywewa upesi, kigae kinanyonya, na juu ya plasta kavu kazi itakwenda vizuri. Likibaki limesimama, huenda ni poselini, ambayo hunyonya chini ya asilimia 0.5. Ukiibandika poselini juu ya vigae vya zamani, rojo limebanwa pande zote mbili: kingo zitakauka, katikati itabaki laini kwa wiki kadhaa.

Futa vumbi ukutani. Chukua mwiko wa meno ya milimita 4 hadi 6, uuinamishe kiasi, uchore kwenye rojo mistari inayoelekea upande mmoja. Paka eneo utakalomaliza kwa dakika 10 hadi 15 tu. Gusa rojo: likishika kidole, endelea, kidole kikitoka kikavu, limeshafanya ngozi. Likwangue ulitupe. Kulinyunyizia maji ni kujidanganya.

Bonyeza kigae huku ukikisogeza kidogo kukatiza mistari, ili matuta yalale na hewa itoke. Kisha bandua kimoja ukikague. Kwenye ukuta mkavu mgongo uwe umeshika angalau asilimia 80. Madonge matano, manne pembeni na moja katikati, ni kazi ya haraka inayoacha mapango, na donge nene ndilo linalochelewa kukauka kuliko yote. Ukuta wenye mabonde usawazishe kwa plasta kwanza, usiujaze mastiki.

Subiri saa 24 au zaidi kabla ya kujaza viungo, yaani nafasi kati ya vigae, kadiri lebo inavyosema. Kukiwa na unyevunyevu ongeza siku.

Bafu la kuogea, bwawa na sakafu inayolowa tumia gundi ya saruji. Mastiki nyingi za ndoo zikilowa mara kwa mara hulainika tena, na utajua ukigonga kigae kwa kifundo cha kidole: kinalia kama debe tupu.