Projekta ya mtumba: anza na taa

Kaka, hiyo projekta ya mtumba uliyoikuta Kirumba hapa Mwanza usianze na bei. Iwashe, ingia kwenye menyu uangalie saa za taa. Taa nyingi za kawaida hudumu kama saa 2,000 hadi 5,000, na taa mpya halisi inaweza kukaribia bei ya mashine nzima. Tatizo ni kwamba hesabu hiyo hufutika kwa rimoti, kwa hiyo angalia na mwanga wenyewe ukutani.

Kisha weka picha nyeusi tupu, halafu nyeupe. Kama ni DLP (ya chipu yenye vioo vidogo sana), vidoti vyeupe visivyosogea vinaonyesha chipu inakufa, achana nayo. Kama ni LCD (mwanga hupita kwenye paneli ndogo), madoa ya njano au buluu ni joto limeshaharibu ndani. "Inakubali 1080p" (picha ya vidoti 1920x1080) isikudanganye, uliza picha yake halisi ina vidoti vingapi. Nyingi za ofisini ni 1280x800 tu.

Na kwa sisi wa ziwani, fungua chujio la hewa. Wale wadudu wadogo wanaofuata taa jioni huziba humo, feni inalia, mashine inachemka. Iache iwake nusu saa. Muuzaji akikataa, muage.