Kabla Hujakubali Injini Ishushwe Tena: Ushauri kwa Mwenye Pikipiki Iliyochoka

Wiki iliyopita niliandikiwa na mwalimu mmoja wa Manyoni, ambaye huenda shuleni kwake kwa pikipiki kila siku, akaniuliza swali ambalo nimekuwa nikiulizwa mara kwa mara tangu nilipoonekana na pikipiki mpya. Fundi wake anamtaka atoe fedha ili injini ishushwe tena, yaani ifunguliwe yote na kutengenezwa upya, naye hajui kama akubali, au azihifadhi fedha hizo na kuziongezea mpaka anunue chombo kingine. Nilimjibu kwa ufupi siku ileile, lakini naamini jibu refu litawafaa wengi, kwa kuwa sote tunaotafuta riziki kwa magurudumu mawili katika mikoa hii ya kati tunafahamu kwamba pikipiki ikilala, mapato ya siku hiyo nayo yamelala.

Mimi nauza dawa za mifugo na pembejeo. Duka langu lipo Kizota, Dodoma mjini, lakini wateja wangu wengi ni wafugaji wa vijijini, upande wa Bahi na upande wa Chamwino, na siku za minada huwafuata hukohuko nikiwa na boksi la dawa nyuma ya kiti. Pikipiki yangu ya kwanza niliinunua ikiwa imeshatumika, ya cc 125, kutoka China, yenye injini ya mtindo ambao Honda waliutoa katika CG125 ya mwaka 1976, ambapo kamshafti, yaani mhimili unaoendesha vavu, hukaa chini na vavu husukumwa kwa vijiti. Muundo huo ulikusudiwa nchi ambazo matengenezo ni ya shida, nao umeigwa na viwanda vingi, ndiyo maana ni vigumu kumpata fundi wa chini ya mti asiyeufahamu. Pikipiki ile ilinipa jina. Kuna vijiji ambavyo hadi leo hawanijui kwa jina la wazazi wangu, bali wananiita Mama Dawa, na walianza kuniita hivyo walipouzoea mlio wake. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu wa kudhani kwamba nazidharau pikipiki kuukuu.

Hata hivyo, ni lazima tuelewe ni kitu gani hasa kinachozeesha pikipiki za Dodoma, kwa sababu wengi hulaumu umri na kusahau vumbi. Udongo wa sehemu kubwa ya huku kwetu umetokana na miamba ya itale, na chembe za mchanga wake ni ngumu kuliko chuma. Kichujio cha hewa kikichanika, au kikifungwa vibaya baada ya kupulizwa, chembe hizo huingia moja kwa moja kwenye silinda na kufanya kazi ya msasa kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda. Msongo wa hewa unapungua, oili inapanda juu ya pistoni na kuungua, na ndipo unapouona moshi wa rangi ya bluu. Moshi mweusi ni habari nyingine, kwani huo ni petroli kuzidi, nao mara nyingi humalizwa kwa kuseti kabureta na kusafisha kichujio. Mwalimu, tafadhali angalia kwanza rangi ya moshi kabla hujamkabidhi mtu yeyote fedha zako, maana nimewaona watu wakishushiwa injini kwa tatizo la kabureta.

Moshi wa bluu peke yake haukutoshi kuamua. Injini inaweza kuchongwa silinda, ikawekewa pistoni na ringi mpya, na ikafanya kazi vizuri kwa muda mrefu, ilimradi fundi ni mwaminifu na spea ni halisi. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni pale injini inaposhushwa, na kabla ya mwaka kwisha inadai kushushwa tena, huku vitu visivyohusiana na injini navyo vikianza kudai zamu yao: bearing za usukani zimelegea, shokapu zinavuja, spoku zinakatika kila uvukapo korongo, waya za umeme zimeungwa mahali pengi kiasi kwamba taa ya mbele huzimika yenyewe usiku. Hapo si injini tena iliyochoka, ni chombo chote, na fedha unayoipeleka kwenye injini inafungwa kwenye fremu ambayo haitaihifadhi.

Nililijua hilo kwa daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami tangu nianze biashara sijawahi kutumia hata shilingi mia tano kwenye pikipiki bila kuiandika: plagi, tyubu iliyotobolewa na mwiba wa mgunga, seti ya cheni na sproketi, pleti za klachi, nauli ya bodaboda siku nilipokwama, na hata dawa za chanjo zilizoharibika kwa joto kwa sababu nilichelewa barabarani. Hicho cha mwisho ndicho watu husahau kukihesabu. Nilipojumlisha matumizi ya mwaka mzima, nikayalinganisha na bei ambayo ningepewa kama ningeiuza pikipiki ile siku hiyo, niliona yamepita nusu ya bei hiyo, na hapo nikaamua. Kipimo changu ni hicho, nami nakishikilia: matengenezo ya mwaka yakipita nusu ya thamani ya pikipiki sokoni, acha kuitengeneza kwa matumaini, itengeneze kwa ajili ya kuiuza tu.

Uamuzi huo haukupokelewa vizuri nyumbani. Shemeji zangu waliona ni anasa, wengine wakasema mwanamke mwenye akili angenunua kiwanja Ihumwa badala ya pikipiki, kwa kuwa mji unakua na bei za viwanja hazingojei. Niliwasikiliza kwa heshima. Lakini kiwanja hakinifikishi mnadani, na mapato ambayo siku moja yatanunua kiwanja yanatoka kwenye pikipiki hiyohiyo. Ukishafanya hesabu zako na kuziamini, usikubali kuzifuta kwa sababu ya maneno ya watu ambao hawatakuja kukusukuma utakapokwama kwenye mchanga.

Kuhusu kutafuta fedha sitasema mengi. Niliweka kidogo kidogo kwenye VICOBA chetu, yaani kikundi cha kuweka na kukopa, nikaongeza mgawo wa mwisho wa mzunguko. Ila nitasema neno moja juu ya mikataba ya kulipa kila siku, ile wanayoitumia vijana wengi wa bodaboda. Ukijumlisha malipo yote mpaka siku ya mwisho, pikipiki hiyo hukugharimu zaidi sana kuliko ukilipa taslimu, na kwa mtu anayepokea mshahara mwisho wa mwezi, kama mwalimu wetu, deni la kila siku ni mzigo usiolingana na namna fedha zinavyoingia mfukoni. Ikiwa shuleni au wilayani kwenu kuna SACCOS (chama cha akiba na mikopo) inayoaminika, anzia huko.

Sasa nieleze jambo ambalo bado linaniuma. Nilipokwenda dukani mara ya kwanza nilifuatana na mpwa wangu, kijana wa kidato cha nne, ili anisaidie kubeba vitu. Muuzaji alimwonesha yeye pikipiki zote, akamweleza yeye habari za gia na stata, na nilipouliza kuhusu shokapu za nyuma, aligeuka akaniuliza kama baba wa nyumbani anafahamu kwamba nimekuja kununua. Fedha zilikuwa kwenye mkoba wangu. Nimeendesha pikipiki kwenye njia ambazo sidhani kama yeye amewahi kuziona, masika na kiangazi, nikiwa na mzigo nyuma, na bado nilionekana msindikizaji wa mtoto niliyemfundisha mimi mwenyewe kuendesha. Nilimshika mpwa wangu mkono tukatoka, nikanunua katika duka jingine ambako nilijibiwa maswali yangu yote. Dada zangu mnaosoma hapa, mnunuzi ana haki ya kuheshimiwa, na mahali ambapo huheshimiwi kabla hujalipa, hutaheshimiwa utakaporudi kudai haki ya garantii. Ondokeni bila kugombana, mpeleke fedha zenu kwingine.

Katika kuchagua, niliacha kabisa kuangalia sura ya pikipiki. Nilijiuliza maswali mawili tu: spea zake zinapatikana wapi, na je, fundi aliye karibu na njia zangu amewahi kuifungua? Huku kwetu majibu ya maswali hayo humpeleka mtu mara nyingi kwenye pikipiki za India, Boxer za Bajaj au HLX za TVS, nami nilichukua TVS HLX 125 kwa sababu ya kiti chake kirefu na kwa kuwa ina kiki pamoja na stata, hivyo betri ikiishiwa nguvu porini sibaki nimeitazama. Sikuchukua cc 150, kwa sababu mzigo wangu ni boksi na mimi mwenyewe, na petroli ya ziada ingelipwa na duka langu kila siku. Aliye na mizigo ya magunia afikirie tofauti. Pikipiki za umeme niliziulizia pia, nazo naziona zina mustakabali mzuri kwa mtu anayezunguka mjini kati ya Makole, Area C na Mji wa Serikali Mtumba, lakini kwa anayetoka asubuhi kwenda vijijini bila kujua atarudi saa ngapi, betri inayopungua haraka kadiri mzigo na mchanga vinavyoongezeka ingemnyima amani.

Ukishalipa, usiondoke kwa furaha kabla ya kukagua. Pikipiki nyingi hufika zikiwa kwenye maboksi na hufungwa na mafundi wa dukani, hivyo omba karanga za magurudumu, usukani na breki zikazwe tena mbele yako. Linganisha namba ya chesisi na namba ya injini na zile zilizoandikwa kwenye nyaraka za usajili, tarakimu kwa tarakimu. Kata bima siku hiyohiyo, walau ile ya mtu wa tatu ambayo sheria inailazimisha, na nunua kofia ngumu mbili, siyo moja, kwa kuwa atakayeomba lifti naye ana kichwa.

Kisha uizoeshe injini kwa subira. Katika kilomita za mwanzo usiikimbize, usiiache pia iungurume kwa mwendo mmoja muda mrefu, bali badilisha mwendo na gia, na mzigo uwe mwepesi. Oili ya kwanza imwagwe mapema, kati ya kilomita 500 na 1,000 kadiri kitabu chake kinavyoelekeza, kwa sababu ndiyo inayobeba vumbi la chuma linalotoka kwenye vyuma vipya vinavyosuguana. Na oili iwe ya pikipiki. Klachi ya pikipiki zetu huoga kwenye oili ileile ya injini, na baadhi ya oili za magari zina viungo vya kupunguza msuguano vinavyoifanya klachi iteleze. Tafuta kwenye kopo maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi ya aina hiyo, na usikubali oili ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Kichujio cha hewa ukikague mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema, maana walioandika kitabu hawakuwa wakifikiria njia ya kwenda Mwitikira mwezi wa tisa.

Limebaki swali la mwisho la mwalimu, la nini kifanyike kwa pikipiki ya zamani. Wengi huiacha uani kama akiba, nami nasema iuzwe, kwa sababu pikipiki isiyotembea tairi zake hupasuka, kabureta huziba kwa petroli iliyolala, na bei yake hushuka kila mwezi. Ila chagua wakati. Januari na Februari wanunuzi wa vijijini wanahangaikia chakula na palizi, na atakayekuja atakupa bei ya huruma. Subiri mavuno ya mtama, mahindi na alizeti, kuanzia mwezi wa sita, wakati magari ya mahindi yanapopishana Kibaigwa na wakulima wana fedha mkononi, ndipo uitangaze. Mwambie mnunuzi ukweli wote kuhusu hali yake, kwa sababu mtakutana tena barabarani. Mimi yangu niliiuza kwa mkulima wa zabibu wa Hombolo ambaye shamba lake liko karibu na nyumbani kwake, naye nilimsomea daftari langu lote la matengenezo kabla hajatoa senti, akanunua bila kulalamikia bei.

Jambo moja usilifanye hata kama mnunuzi ni ndugu yako wa damu: usimkabidhi pikipiki pamoja na kadi ya usajili kwa makubaliano ya mdomo. Maadamu kadi ina jina lako, faini za barabarani zitakuja kwako, na chombo hicho kikitumika katika uhalifu au kikimgonga mtu, wewe ndiwe utakayeulizwa kwanza. Andikianeni mkataba wa mauziano wenye namba ya chesisi, tarehe, saa na sahihi za mashahidi, kisha nendeni pamoja Mamlaka ya Mapato (TRA) na kadi halisi, vitambulisho na namba ya mlipakodi ya mnunuzi, mhamishe umiliki. Ukipewa uthibitisho kwamba jina limebadilishwa, toa nakala, ibandike kwenye daftari lako pamoja na mkataba, ndipo umpe ufunguo.