Ufunguo Ulikuwa Kabatini Kwako, Mwanangu

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kinyerezi, Dar es Salaam. Mdogo wangu wa kiume, bado mtoto, ana miaka 20, anakaa kwetu tangu amalize fomu foo. Mwezi uliopita mume wangu alikwenda msibani Morogoro akaacha gari nyumbani, IST. Usiku mdogo wangu akalichukua bila kumwambia mtu. Sijui ufunguo wa akiba aliupata wapi, maana naufungia kwenye kabati langu la nguo. Leseni hana, ila gari anajua, nimeshamwona akirudi rivasi. Saa nne nikampigia kumuuliza mbona chipsi zimechelewa, simu ikapokelewa na trafiki. Kamgonga bodaboda, kijana wa watu kavunjika mguu. Mume wangu aliporudi polisi wakamuuliza kama alitoa ruhusa, akasema hakutoa. Sasa mdogo wangu yuko nje kwa dhamana, ana kesi ya kuendesha bila leseni, ya uzembe, na ya kuchukua gari bila ridhaa ya mwenyewe. Nimemwomba mume wangu abadilishe maelezo aseme alimruhusu, amekataa katakata. Ndugu zangu wamekaa kikao, wanasema huyu anapenda bati kuliko damu. Wiki ya tatu hii nalala chumba cha watoto. Nifanyeje alegeze moyo?*

*Dada Mwenye Uchungu*

Marahaba mwanangu. Pole. Na huyo wa bodaboda pole yake iwe kubwa zaidi, maana kwenye barua yako kapata nusu mstari, na mguu ni wake.

Tuanze na chipsi. Mtu aliyeondoka na gari "bila kumwambia mtu", wewe ulijuaje kwamba yuko kwenye chipsi? Tena zimechelewa, maana yake ulikuwa unazisubiri. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nimevaa miwani. Kabati ni lako na unalifunga wewe. Halikuvunjwa, maana lingevunjwa ungeniandikia. Mume kasafiri, watoto wamelala, wewe una hamu ya chipsi mayai, mdogo wako anakuambia "dada, nipe ufunguo, dakika kumi tu." Ukampa. Nikikosea nisamehe, ila sidhani kama nakosea.

Sasa tazama unachomwomba mume wako. Unataka aende kituoni aseme uongo. Kuwapa polisi taarifa ya uongo ni kosa, hilo moja. La pili, Sheria ya Usalama Barabarani, ile Sura ya 168 ya mwaka 1973, haimbani dereva asiye na leseni peke yake. Inambana pia aliyemwachia gari huku akijua hana leseni. Akisema "nilimruhusu", kesho naye yuko kizimbani pembeni ya shemeji yake, na watoto wako wanaulizwa baba kaenda wapi. La tatu ni bima. Bima kubwa ina sharti ambalo watu hawalisomi hadi wapate ajali: anayeendesha awe na leseni halali na ruhusa ya mwenye gari. Mdogo wako hakuwa na leseni. Mume akijitwika na hiyo ruhusa, atakuwa amekiri mwenyewe kumpa gari asiye na leseni, na gari litabaki limekaa kwa fundi bodi, yeye akihesabu bampa, taa na rejeta za maduka ya spea ya Gerezani kutoka mfukoni. Na wakili wa kijana wa bodaboda naye atamfuata mwenye gari aliyetoa gari lake kwa mtu asiye na leseni. Hayo yote kwa ajili ya sahani ya chipsi ambayo hata hakuionja.

Unaniambia eti hana moyo. Nikuulize: nani alimwekea mdogo wako dhamana? Hukuandika. Wale ndugu wa kikao wangekuwa ndio waliokwenda kituoni na barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho, ungewataja mmoja mmoja kwa jina. Mimi nahisi ni huyo huyo mpenda bati.

Ndoa za siku hizi zinanichosha. Kila nyumba ina grupu la WhatsApp la ukoo, na kila grupu lina hakimu. Mume hajamaliza kupiga mswaki, shangazi wa Tanga ameshatoa hukumu kwa sauti ya dakika nne. Wanaume nao wasicheke, kwani wangapi mama zao wanajua mshahara kabla ya mke? Zamani hatukuwa malaika. Mimi mwenyewe kaka yangu aliwahi kuuza baiskeli ya mume wangu, nikakaa kimya siku mbili nikimtazama mzee wa watu anazunguka nyumba, anainama hadi chini ya kitanda, kana kwamba baiskeli inaweza kuingia chini ya kitanda. Siku ya tatu nikasema. Alikasirika wiki nzima, hakula chakula changu. Lakini alikasirikia jambo lililotokea kweli. Wewe mume wako unamnunia kwa jambo ambalo hajui hata limetokeaje.

Halafu unaandika "bado mtoto". Miaka 20! Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni aliye chini ya miaka 18. Huyo ni mwanaume mzima, umri wa kupata leseni aliufikia miaka miwili iliyopita, na muda wa kwenda kujifunza alikuwa nao wote, si alikuwa anashinda kwenye kochi lako? Kurudi rivasi uani si kuendesha gari usiku barabara ya Segerea yenye bodaboda kila upande. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na wewe umeshaanza.

Kuna kitu nadhani hujakiona. Shitaka la kuchukua gari bila ridhaa si sawa na wizi. Mwizi anataka gari lisirudi kwa mwenyewe. Huyu alitaka kurudi na chipsi. Hata hivyo sheria ina kosa lake kwa anayechukua chombo cha mtu na kukitumia bila haki. Sasa kama alipewa ufunguo na mke wa mwenye gari, akaamini kwa dhati kwamba ruhusa imetoka ndani ya nyumba, hapo shitaka hilo linayumba. Umenielewa? Maneno ya kumpunguzia mdogo wako mzigo yapo, na ni ya kweli, lakini hayako kinywani mwa mume wako. Yako kwako. Umeyafungia kabatini, unamtuma mwenzio akaseme ya uongo.

Bila shaka ukiyasema, swali la nani alimpa gari asiye na leseni linakugeukia wewe. Ndiyo maana usikurupuke kwenda kituoni peke yako. Tafuta kwanza wakili. Kama fedha hakuna, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na Dar mashirika ya kusaidia bure yapo, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu (LHRC) kikiwa kimojawapo. Mweleze yote, na chipsi usiziruke.

Kesi ya leseni na uzembe, hiyo usimsumbue mume aifute. Mlalamikaji hapo ni Jamhuri, mume wako hana kifutio. Mdogo wako ataijibu mwenyewe kwa miguu yake miwili mizima.

Leo usiku rudi chumbani kwenu. Watoto wakilala mwambie mumeo ufunguo ulitokaje, kabla mdogo wako hajabanwa maswali mahakamani akalisema mbele ya watu, maana atasema. Mumeo atafoka. Mwache afoke, usimjibu kwa kulia, na usiliripoti kwenye grupu.

Kesho yake mchukue mdogo wako mwende kwa huyo kijana wa bodaboda. Msiende mikono mitupu, wala msiende kumwomba aseme lolote kwenye kesi. Mguu umevunjika, pikipiki haijulikani iko wapi, na hesabu ya bosi ya kila siku haingoji plasta itoke. Muulizeni nyumbani kwake wanakula nini wiki hii.