Kifaa cha kuchonga mfereji wa kii kwenye mashine ya kukereza

Swali: Fundi, habari za kazi. Nina mashine ndogo ya kukereza. Tundu la puli nalitoa vizuri, lakini mfereji wa kii (kipande cha chuma kinachofunga puli na shafti zizunguke pamoja) naukata kwa kusukuma kariji nzima, ile sehemu inayobeba kisu, kwa gurudumu la mkono, na meno yake yameanza kulia. Nataka kutengeneza kifaa cha kuchongea kitakachokaa mahali pa slaidi ndogo ya juu. Nikifungie mota moja kwa moja? Nianzie wapi?

Jibu: Nzuri, ndugu. Acha kabisa kutumia lile gurudumu. Meno yake ni ya kusogeza kariji, hayakuundwa kubeba pigo la kisu siku nzima.

Mota iache kwanza. Kwa wenzo wa mkono unausikia mkato; kisu kikianza kujikita, unasimama palepale. Na nguvu ya mkono inatosha. Chukua shafti ya mm 25: kii yake ya kawaida ina upana wa mm 8 na kimo cha mm 7, na ndani ya puli mfereji una kina cha mm 3.3. Ukikata mm 0.05 kwa kila msukumo, kisu kinaondoa utepe wa chuma wenye eneo la mm 0.4 za mraba. Kwa chuma laini kadiria nyutoni 3,000 kwa kila milimita ya mraba, yaani nyutoni 1,200, sawa na uzito wa kilo 120 hivi. Wenzo wa mm 600, uliounganishwa na slaidi inayobeba kisu, mm 80 kutoka kwenye egemeo, unagawanya mzigo huo kwa saba na nusu. Mkononi unabaki na kilo 16. Misukumo itafika sitini na kitu, nayo huisha upesi kuliko unavyodhani.

Kati ya wenzo na slaidi weka kiungo kifupi chenye pini mbili. Ncha ya wenzo huenda kwa tao, slaidi huenda mnyoofu. Bila kiungo hicho, slaidi itakwama.

Muda wako mwingi uutumie kwenye slaidi yenyewe. Njia yake iwe ndefu kuliko msukumo wako, na upande mmoja uweke ukanda wa shaba njano unaokazwa kwa skurubu, ili uondoe mchezo (kulegea) kadiri inavyolika. Mkono wa chuma unaoshika kisu uwe mnene kadiri tundu linavyoruhusu, na mfupi. Hapa usibanie chuma: urefu unaochomoza ukiwa mara mbili, kupinda kunakuwa mara nane. Mifereji mingi iliyopanuka mdomoni na kubana ndani ni kazi ya mkono mwembamba.

Spindo, ule mhimili unaozungusha puli, lazima ifungwe isizunguke hata kidogo. Usitegemee gia pekee, zina mchezo. Tengeneza kizuizi kinachoshika spindo kutoka kwenye mwili wa mashine. Chomoa umeme kabla ya kukifunga, maana mashine ikiwashwa spindo imefungwa, kitu kitavunjika.

Katikati ya upana wa kisu pawe sawasawa na kimo cha kitovu cha spindo. Kisu kikipanda nusu milimita, mfereji nao unahama nusu milimita, na kii haitaingia.

Kata ukisukuma kuelekea spindo, ili puli ikandamizwe kwenye taya zinazoishika badala ya kuvutwa nje. Wakati wa kurudi, ondoa kisu kwenye chuma kwa slaidi ya upana (inayosogeza kisu kukingama na mashine), kisha kirudishe ukizungusha upande uleule kila mara, ili mchezo wa skurubu usikudanganye kina. Kukiburuza kisu kinaporudi ni kuua makali yake.

Kama tundu halikutoboka hadi upande wa pili, kwanza toboa shimo mwishoni mwa mfereji, lenye kina kinachouzidi mfereji kidogo. Taka za chuma zikikosa pa kudondokea, kisu kitavunjikia humo ndani.