Nyumba yangu imekula miaka saba, na hivi ndo nilivyojifunza kusubiri

Kiwanja nilinunua 2016 huko Chanika, mita 20 kwa 20, hela ya vikoba na kidogo aliyoniongezea kaka. Nimehamia 2023. Watu wanaona nakaa kwangu wananiuliza dada uliwezaje kuvumilia, mi nacheka tu maana sikuvumilia chochote, miaka minne ya mwanzo nilinung'unika mpaka mume wangu akawa akisikia neno boma (nyumba ambayo haijaisha) anatoka nje kupunga upepo.

Halafu kuna wale wa "mvumilivu hula mbivu". Jamani, mtaani kwetu Mbagala embe haijawahi kufika mbivu, watoto wanaipopoa ikiwa bado na maziwa, so hiyo methali ilikuwa inanipandisha hasira tu. Hakuna aliyeniambia huo uvumilivu unafanywaje, asubuhi unaamka unafanya nini, ndo maana naandika.

Niliharakisha na nililipa. 2018 tulimaliza msingi na jamvi, yaani sakafu ya zege, kuta zikapanda taratibu, kufika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha, fundi akasema mama, hizi mbao na mirunda usiguse wiki mbili, tunamwagia maji tu. Mi nilikuwa na hela ya kozi za juu (mistari ya tofali juu ya lenta) mkononi na nilishaona wenzangu wanapaua, nikamkomalia siku ya sita tuzitoe hizo mbao tukazitumie upande wa pili. Fundi alikataa, nikambembeleza, akakubali kwa shingo upande. Dirisha la sebuleni zege likapiga ufa hapo hapo katikati. Tukavunja. Nondo zimepinda, kokoto nyingine, saruji nyingine, yaani ile wiki moja niliyookoa ilinirudisha nyuma miezi mitatu kutafuta hela upya. Fundi hata hakunisema, alikaa juu ya tofali akawasha sigara akaniambia zege linaendelea kukomaa mpaka siku 28, wewe ukilala lenyewe linafanya kazi. Sikuelewa siku ile, nilikuwa nalia.

Kingine, kusubiri sio kukaa. Ila sio kila kitu kinakubali kusubiri na wewe, hapa sikiliza vizuri. Mwishoni mwa 2020 saruji iliadimika bei ikapaa, sasa ilivyokuja kupoa nikajifanya mjanja nikanunua mifuko 15 kwa mpigo nikaipanga kwenye kibanda cha pale saiti, chini sakafu ya udongo. Ikaja masika. Nilivyorudi kuifungua ilikuwa imeganda, mawe matupu, tukaishia kuyapanga mlangoni kama ngazi na mpaka leo unayakanyaga ukija kwangu. Kwahiyo ukipata elfu hamsini mwezi huu nunua nondo, bati, kitasa, bomba, vitu ambavyo vinakusubiri bila kununa (nondo ziinue juu ya mbao na uzifunike, zisilale kwenye maji). Saruji na mchanga nunua fundi akiwa amesimama hapo hapo.

Na panda miti siku unayopewa kiwanja, usingoje nyumba. Mama yangu alikuja kuona kiwanja akiwa na mche wa mwembe wa kuunga na mbegu za papai kwenye leso, mi nikamwambia mama hata choo hakuna unapanda papai, akasema mwanangu nyumba itakuja itaukuta mti. Papai mwaka haujaisha tunakula. Ule mwembe mwaka wa nne ukatoa embe kumi na moja, nilizihesabu, wakati huo nyumba ni kuta tupu popo wanapita. Tulikaa kwenye jamvi mimi na watoto tunakula embe tunaangalia mawingu sehemu ambayo ingekuwa dari. Nadhani siku hiyo ndo roho ilianza kutulia.

Nina kaunta buku la matumizi ya ujenzi, mbele kuna hela zilizotoka, na ukilisoma unaweza kuzimia. Baada ya zile embe nikaligeuza nikaanza kuandika kwa nyuma vilivyoingia. Sio mambo makubwa. Jirani kanipa maji madumu sita ya kumwagia ukuta. Kijana wa bodaboda kabeba mifuko miwili hajataka hela. Mama mwenye nyumba kapokea kodi ya miezi mitatu badala ya sita. Huyo mama bana, kwa miaka yote nilikuwa nachukia chumba na sebule yake, choo cha kuchangia, foleni ya bafu alfajiri, kumbe ndo alikuwa ananishikia mwanangu kila nikichelewa kazini na hajawahi kunidai hata sabuni. Niliona hilo nilivyoliandika tu. Kabla ya hapo alikuwa kwenye ukurasa wa mbele, kwenye kodi.

Wale wenzangu niliokuwa nawaangalia, wengine walichukua mkopo wakahamia mwaka mmoja na wako vizuri tu, sisemi walikosea. Mimi kipato changu hakikuruhusu. Tatizo langu lilikuwa kufungua stetasi zao usiku saa tano nikiwa nimechoka, hiyo niliacha, niliwamyuti kimyakimya na tunasalimiana vizuri mpaka kesho.

Tulipaua 2022. Tumehamia madirisha ya vyumbani yana nyavu na grili tu, vioo bado, umeme wa LUKU upo, plasta nje bado, na usiku wa kwanza mvua ilinyesha nikaamka kusikiliza bati, nikazunguka na tochi chumba kwa chumba kutafuta panapovuja, hapakuvuja.

Sasa hivi tuko kwenye tailizi za sebuleni. Fundi kaniambia anakuja Jumatatu, hajasema ya mwezi gani.