Mkufunzi Asome Kwanza Mtandaoni Ndipo Afundishe Mtandaoni

Mkufunzi mmoja wa chuo cha mkoani ameniandikia kwamba amekabidhiwa somo zima alifundishe kwa mtandao, tangu wiki ya kwanza hadi mtihani, na kwamba maandalizi aliyopewa ni semina ya siku moja ya kuonyeshwa namna ya kupandisha mafaili kwenye Moodle, jukwaa la kufundishia mtandaoni. Ananiuliza anunue kamera ya aina gani. Ndugu yangu, usinunue kamera.

Vyuo vyetu vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kabla ya kufunguliwa tena mwezi Juni, waliojaribu kufundisha kwa mbali walihamisha mihadhara yao kama ilivyokuwa, na kwa dharura ile hapakuwa na lawama. Ajabu ni kwamba wengi bado wanaifuata njia hiyohiyo. Nilipopendekeza chuoni kwetu kwamba kila mkufunzi asome kwanza kozi fupi ya mtandaoni ninayoiendesha, akiwa mwanachuo, kwa simu yake na kwa bando lake, kamati ilicheka, na mjumbe mmoja akasema kwamba wenye shahada za uzamivu hawarudishwi darasani. Kauli hiyo sijaisahau, wala sioni kwa nini niisahau, maana wachache walioisoma kozi yangu kwa hiari ndio ambao leo kamati hiyohiyo huwatuma kuwafunza wenzao.

Katika kozi hiyo huwa ninanyamaza makusudi wiki ya kwanza. Ninaweka agizo la mstari mmoja, «Someni sura ya pili kisha mjadili», halafu ninapotea. Watu wazima, wenye vyeo vyao, hukasirika kwelikweli. Mmoja alinipigia simu usiku kuniuliza kama kazi yake imefika. Hapo ndipo somo linapoanza, kwa sababu anatambua kwamba agizo lisiloeleza ajadili nini, kwa urefu gani na hadi lini, ndilo alilokusudia kuwapa wanachuo wake mwenyewe. Wiki inayofuata ninampa video ya saa nzima, naye anaona bando linavyokwisha.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa Sheria ya Bunge ya mwaka 1992, kilianza kufundisha kwa mbali wakati intaneti ilikuwa bado haijaenea nchini. Mwalimu wa mbali hupimwa kwa maandishi yanayoeleweka na mtu aliye peke yake, na kwa mrejesho unaofika. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika Mei 2024 na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, waliotegemea vipindi vya moja kwa moja walikwama, ilhali wanachuo waliokwisha kupakua maelezo mafupi na faili za sauti waliendelea kusoma.

Kwa hiyo, mwalimu, tunga kwanza kazi zote za muhula, ndipo uandike maelezo yanayomfikisha mwanachuo kwenye kazi hizo. Mpe mwenzako wa idara nyingine azifanye kwa simu, bila wewe kumweleza neno, na kila atakapouliza swali, sahihisha agizo lako badala ya kumjibu. Juu kabisa ya ukurasa wa somo andika utajibu ujumbe ndani ya muda gani. Ukiahidi siku mbili, jibu ndani ya siku mbili, hata kama jibu lenyewe ni kwamba bado unasahihisha.