Kumwandalia mama safari ya meli kwenye mto Danube

Dada wa Nakuru, umeuliza umwandalie nini mama yako wa miaka 68, mwenye shinikizo la damu, anayekwenda Septemba kwa ziara ya meli kwenye mto Danube, kutoka Passau, Ujerumani, hadi Budapest, Hungaria. Mimi nilimsindikiza shangazi yangu kutoka Kisumu katika safari kama hiyo.

Viza moja ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inatosha njia nzima. Ombi hupelekwa kwa ubalozi wa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi, angalau siku 15 kabla ya safari, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Dawa azibebe katika mkoba wa mkononi, zikiwa kwenye pakiti zake, na mpeleke kwa daktari wake kabla hamjalipa chochote.

Jambo ambalo sisi hatukuambiwa ni kwamba bandarini meli huegeshwa ubavu kwa ubavu, hivyo shangazi alilazimika kuvuka meli mbili za wageni, akipanda na kushuka ngazi zilizolowa mvua, ndipo akafika nchi kavu; vile viatu vyake vya kanisani nusura vimwangushe. Mnunulie raba zenye soli isiyoteleza. Aidha, maji ya mto yakipungua sana, abiria huweza kuhamishiwa kwenye basi, kwa hiyo soma masharti ya kurudishiwa fedha.